Barua Kwanza, Abiria Baadaye: Meli za Pwani ya Kaskazini ya Norwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mfanyabiashara wa Trondheim aliyemwandikia mshirika wake wa Hammerfest hakutarajia jibu la haraka. Majira ya joto barua yake ingeweza kukaa njiani wiki tatu. Majira ya baridi ingeweza kukaa miezi mitano. Miji yote miwili ilikuwa ya Norwe, katika pwani moja, na bahari iliyoitenga haikuwa hata ya kuganda. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaokatiza Atlantiki hupita kando ya pwani hiyo yote, kwa hiyo bandari zilizo nyuzi 70 kaskazini hubaki wazi mwaka mzima, ilhali maji ya Greenland katika latitudo hiyohiyo hufungwa na barafu majira ya baridi. Tena sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa na vijisiwa, kama mwamba wa matumbawe unavyoikinga njia ya majahazi kutoka Lamu kwenda Kiunga. Bahari ilikuwepo, na stima zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipitisha usiku.

Na usiku wa huko si wa saa kumi na mbili. Hammerfest jua huzama mwishoni mwa Novemba, likachomoza tena baada ya miezi miwili. Kaskazini ya Trondheim palikuwa na minara 28 ya taa na ramani mbili za bahari, kwa pwani yenye maelfu ya miamba inayojificha maji yakijaa. Manahodha walisafiri mchana, usiku wakatia nanga. Mchana ukiisha kwa miezi miwili, safari nazo zikaisha.

Mwaka 1891 August Gran, mshauri wa serikali katika mambo ya stima, alitoa wazo la kuwa na meli ya haraka kila wiki, mwaka mzima, kati ya Trondheim na kaskazini. Kampuni mbili kubwa za meli, moja ya Trondheim na moja ya Bergen, zilikataa: kupita kule gizani wakati wa baridi, zilisema, haiwezekani. Aliyekubali ni Richard With, nahodha wa mji mdogo wa Stokmarknes katika visiwa vya Vesterålen, ambaye miaka kumi kabla yake alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya stima pamoja na wenyeji wenzake. With hakuwa mcheza kamari. Kwa miaka kadhaa yeye na rubani wake, Anders Holte, walikuwa wameandika kila safari waliyofanya: meli ilielekezwa wapi kwa dira, ilikwenda kwa kasi gani, na zilipita dakika ngapi kabla ya kugeuza usukani. Ukiwa na dira, saa na daftari lile, uliweza kuipitisha meli mahali usipopaona. Daftari la Holte, kwa maoni yangu, ndilo chombo muhimu kuliko vyote katika historia ya usafiri wa pwani ya kaskazini, na halikuwa na uzuri wowote wa kutazamwa.

Mkataba na serikali ulitiwa saini tarehe 18 Mei 1893. Serikali ililipa ruzuku kwa miaka minne. With naye alitakiwa kutoa meli mara moja kwa wiki hadi Hammerfest majira ya joto, na hadi Tromsø majira ya baridi. Asubuhi ya tarehe 2 Julai meli Vesteraalen ikang'oa nanga Trondheim. Iligusa Rørvik, Brønnøy, Sandnessjøen, Bodø, Svolvær, Lødingen, Harstad, Tromsø na Skjervøy, ikaingia Hammerfest alfajiri ya tarehe 5, baada ya saa 67, nusu saa kabla ya muda uliotangazwa. Safari ile iliitwa Hurtigruten, yaani njia ya haraka, na jina hilo linatumika hadi leo. Barua ya miezi mitano ikawa ya siku saba. Kampuni zilizosema haiwezekani nazo zikaingia katika njia hiyohiyo baada ya muda mfupi. Kufikia 1898 meli zilianzia Bergen, na baadaye zikafika Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi.

Nimeanza na barua kwa makusudi. Historia ya utalii wa meli katika bahari za baridi kwa kawaida husimuliwa kuanzia juu, kwa wafalme na matajiri, na mwenyeji wa pwani huonekana pembeni ya picha akiwa ameshika kamba ya meli. Mimi naiona kinyume. Starehe ya kaskazini imekuwa ikisafiri juu ya kazi iliyofanywa na wengine kwa sababu nyingine kabisa: minara iliyojengwa kwa ajili ya wavuvi, ramani zilizochorwa kwa ajili ya posta, waokoaji waliolipwa kulinda mipaka. Kila mara utalii uliposahau jambo hilo, bahari iliukumbusha.

Wageni, hata hivyo, walitangulia barua. Padri wa Kiitalia, Francesco Negri, alifika Nordkapp, ile rasi inayosifika kuwa ya kaskazini kabisa, mwaka 1664, akiwa peke yake na kwa hiari yake. Wengi humwita mtalii wa kwanza wa pale. Nordkapp ni jabali jeusi la mita 307 linaloshuka wima baharini. Mwaka 1795 alipita kijana wa Kifaransa aliyekuwa akisafiri kwa jina la uongo, Louis Philippe wa ukoo wa Orléans, mkimbizi wa mapinduzi ambaye baadaye alirudi kwao akawa mfalme. Oscar II, mfalme wa Sweden na Norwe, alipanda jabali hilo mwaka 1873. Miaka miwili baadaye kampuni ya Thomas Cook ikaleta kundi lake la kwanza kutoka London. Hapakuwa na barabara. Meli ilitia nanga katika ghuba ndogo ya Hornvika, abiria wakashushwa kwa mashua, kisha wakakwea ule mteremko kwa miguu, wanawake wakiwa na sketi zao ndefu, ili kulitazama jua la usiku wa manane likigusa upeo wa macho bila kuzama. Barabara haikufika pale hadi 1956.

Biashara yenyewe ya kuuza safari ya baharini kwa ajili ya kutazama tu ilichukua sura kamili miaka ya 1880. Mwaka 1886 kampuni ya Scotland iliyozoea kupeleka watu na kondoo katika visiwa vya Orkney na Shetland iliichukua meli yake St Rognvald, ikaiuzia umma safari ya kuzuru fiodi za Norwe, yaani zile ghuba nyembamba na ndefu zinazopenya kati ya milima, kwa pauni 10. Watu walijaa. Mwaka uliofuata ikaundwa St Sunniva, ambayo wanahistoria wengi wa meli huihesabu kuwa ya kwanza kuundwa kwa kazi hiyo moja tu. Angalia asili yake: nayo ilitoka katika kampuni ya kuhudumia visiwa.

Kisha akaja Kaisari. Wilhelm II wa Ujerumani aliingia fiodi za Norwe kwa mara ya kwanza Julai 1889, mwaka mmoja baada ya kutawazwa, na tangu hapo alirudi karibu kila majira ya joto hadi 1914, akiwa na jahazi lake la kifalme Hohenzollern, manowari za kumsindikiza na marafiki wa kumchekesha. Kwa Wajerumani wenye uwezo, alikokwenda Kaisari palikuwa pa kwenda. Albert Ballin, mkuu wa kampuni ya Hapag ya Hamburg, alikuwa na meli kubwa za Atlantiki zilizokosa abiria majira ya baridi, akawa ameshajifunza kuzigeuza ziwe hoteli zinazoelea. Norwe ikawa moja ya masoko yake makubwa, na mwaka 1900 Hapag ikazindua Prinzessin Victoria Luise, meli ya anasa isiyobeba mzigo wala mhamiaji.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kumpita Kaisari huyu kama anavyompita Negri. Julai ileile ya 1889, alipokuwa akivinjari fiodi, majeshi ya kamanda wake Wissmann yalikuwa yakiiteka Pangani katika vita dhidi ya Abushiri. Usiku wa tarehe 23 Januari 1904 mji wa Ålesund, uliojengwa kwa mbao, uliteketea. Watu karibu 10,000 wakabaki bila makazi katikati ya baridi. Wilhelm, aliyeupenda mji ule, alituma haraka meli zenye chakula, dawa, mablanketi na vifaa vya kujengea mabanda. Ålesund ukajengwa upya kwa mawe na matofali, majengo yale ya mapambo ya maua na minara midogo ambayo leo ndiyo yanayovuta meli za watalii, na mtaa mmoja ukapewa jina la Kaisari. Mwaka uliofuata watu wa Matumbi walianza vita vya Maji Maji. Jibu la serikali ya mfalme huyohuyo lilikuwa kuchoma mashamba na maghala ya nafaka ili njaa imalize kazi ya bunduki. Makadirio ya wanahistoria wetu kuhusu waliokufa hufika 250,000 hadi 300,000. Hakuna jahazi lililotumwa na mablanketi. Mwongozaji wa watalii Ålesund hana sababu ya kulitaja jambo hili. Sisi tunayo.

Tarehe 23 Julai 1914, Austria ilipoipa Serbia masharti yaliyowasha vita kuu, Hohenzollern ilikuwa imetia nanga Balestrand, katika fiodi ya Sogn. Wilhelm aliondoka tarehe 25, asirudi tena. Wiki mbili baadaye, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ilikuwa ikiipiga Dar es Salaam kwa mizinga.

Si kila mgeni mkubwa alikuwa wa Ulaya. Julai 1907 Mfalme Chulalongkorn wa Siam, nchi tunayoiita Thailand leo, alifika Nordkapp kwa meli, akachongesha alama ya jina lake kwenye mwamba. Alikuwa mgonjwa, amekuja Ulaya kwa matibabu na kwa siasa, maana Ufaransa na Uingereza zilikuwa zikimega nchi yake pande zote. Njiani alimwandikia binti yake barua moja baada ya nyingine, ambazo zilikuja kuchapishwa kitabu kiitwacho Klai Ban, yaani mbali na nyumbani. Ninapenda kuwa katika orodha ya watazamaji wa kaskazini yumo mtu wa nchi ya joto aliyewatazama Wazungu kama wao walivyozoea kuwatazama wengine. Thailand ilikuja kuweka jumba dogo la kumbukumbu palepale Nordkapp mwaka 1989.

Waliotazamwa walikuwepo pia. Ng'ambo ya mji wa Tromsø kuna bonde la Tromsdalen, ambako familia za Wasami kutoka upande wa Karesuando, Sweden, zilihamia kila majira ya joto na mifugo yao ya kulungu wa Aktiki. Kambi yao ikaingizwa katika ratiba za meli. Abiria walivuka kwa mashua, wakatembea bondeni, wakachungulia ndani ya vibanda vya udongo, wakanunua vijiko vya pembe na viatu vya ngozi, wakapiga picha. Kwa malipo, kundi la kulungu liliteremshwa kutoka mlimani. Masimulizi mengi ya wasafiri wa wakati ule yanalalamika kwamba Wasami walijua bei ya vitu vyao. Mlalamikaji alikuwa amelipa nauli ya kumpeleka nyuzi 69 kaskazini, lakini bei ya kijiko ikamuumiza.

Kaskazini zaidi ya bara liko funguvisiwa la Spitsbergen, leo likijulikana kama Svalbard. Huko hapakuwa na kijiji, wala mnara wa taa, wala posta. Aliyewapeleka watalii kule kwa mpangilio tangu 1891 ni nahodha Wilhelm Bade wa Wismar, na sifa zake za kazi zilikuwa za ajabu. Mwaka 1869 alikuwa ofisa wa meli Hansa katika msafara wa pili wa Wajerumani kuelekea ncha ya kaskazini. Barafu iliibana meli pwani ya mashariki ya Greenland, ikaivunja, ikazama. Mabaharia walijenga kibanda kwa makaa ya mawe waliyoyaokoa, juu ya pande la barafu, wakaelea nalo kuelekea kusini kwa takriban siku 200, pande likimeguka kidogo kidogo chini yao, mpaka wakalazimika kuingia mashuani na kufika makazi ya wamisionari kusini ya Greenland mwaka 1870. Wote walipona. Miaka ishirini baadaye mtu huyu akawa anauza tiketi za kwenda kuitazama barafu. Sioni kejeli hapo. Nani mwingine ungemwamini?

With hakutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1896 alianzisha safari za kila wiki, majira ya joto tu, kutoka Hammerfest hadi Spitsbergen, akitumia meli Lofoten, ambayo baada ya hapo iliongozwa na Otto Sverdrup, aliyerudi mwaka huohuo na meli Fram kutoka katika barafu ya Aktiki. Kwenye kingo za ghuba ya Advent kampuni ilijenga hoteli ya mbao. Ikawa na posta, na stempu zake zikawa zinatafutwa na wakusanyaji. Biashara haikulipa, hoteli ikafungwa baada ya muda mfupi. Lakini mahali pale bado panaitwa Hotellneset, rasi ya hoteli, na uwanja wa ndege wa Svalbard uko hapohapo.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Mwaka 1901 tajiri wa Kimarekani, John Munro Longyear, alifika Spitsbergen na familia yake kwa meli ya watalii. Alikuwa mtu wa misitu na migodi ya Michigan. Wenzake walipokuwa wakitazama mito ya barafu, yeye alitazama tabaka nyeusi kwenye ubavu wa mlima. Mwaka 1906 kampuni yake ya makaa ya mawe ilianza kuchimba, na kambi yake ikaitwa Longyear City, ndiyo Longyearbyen ya leo. Mji mkuu wa Svalbard, basi, uliasisiwa na mtalii. Makaa yakaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakaleta madai ya nchi, madai yakaishia katika mkataba wa 1920 ulioipa Norwe mamlaka juu ya visiwa. Mgodi wa mwisho wa Wanorwe pale, ule wa namba 7, ulifungwa 2025. Utalii uliouzaa mgodi umeuzika.

Sasa nije kwenye madeni, yaani mara ambazo utalii uliokolewa na kazi ya wengine.

Julai 1928 meli ya Kijerumani Monte Cervantes, mpya kabisa, ilifika Spitsbergen na abiria karibu 1,500. Ilikuwa meli ya watu wa kipato cha kawaida: nauli nafuu, vyumba vya kushirikiana, hakuna madaraja. Ikagonga barafu, omo likatoboka, maji yakaanza kuingia. Ni bahati iliyoiokoa. Meli ya Kisovieti ya kuvunja barafu, Krasin, ilikuwa karibu, ikirudi baada ya kuwaokoa manusura wa puto la Mwitalia Umberto Nobile walioanguka kwenye barafu mwezi Mei. Krasin yenyewe ilikuwa na majeraha na ilihitaji matengenezo. Ikageuza njia, wapiga mbizi na mafundi wake wakaziba matundu kwa siku kadhaa, hadi meli ikaweza kurudi kwao. Bila mkasa wa Nobile, pasingekuwa na meli yoyote ya aina hiyo katika maji yale.

Miaka ya 1930 utawala wa Nazi uliigeuza fiodi kuwa propaganda. Shirika lake la burudani kwa wafanyakazi lilipeleka makumi ya maelfu ya Wajerumani Norwe kwa bei ya chini, lakini kwa kawaida hawakuruhusiwa kushuka: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kukutana na raia wa nchi huru hakukutakiwa. Waliiona Norwe kutoka sitahani, wakapigiwa bendi, wakarudishwa. Baadhi ya meli hizo zilirejea Norwe Aprili 1940 na shehena ya askari.

Vita ndivyo vilivyoonyesha meli za Hurtigruten zilikuwa za nani. Wajerumani waliikalia nchi, na pwani isiyo na reli wala barabara ya maana haikuwa na njia nyingine. Wagonjwa, wavuvi, wanafunzi, barua na unga viliendelea kusafiri kwa meli zilezile, katika maji yaliyojaa mabomu ya kutegwa na nyambizi za Washirika zilizowinda misafara ya Wajerumani. Septemba 1941 nyambizi ya Kiingereza Tigris iliizamisha meli iliyopewa jina la Richard With, watu karibu 100 wakafa. Mwezi uliofuata nyambizi ya Kisovieti ikaipiga Vesteraalen, ileile ya 1893, ikiwa na umri wa miaka 50. Makumi ya abiria na mabaharia wakazama nayo. Baada ya hapo njia ya kaskazini ya Tromsø iliachiwa vyombo vidogo vya uvuvi. Tarehe 13 Februari 1944, kwenye Hustadvika, ile sehemu ya pwani isiyo na kisiwa cha kuikinga, boti za kivita za Wanorwe wenyewe, zilizotoka kambi yao ya Shetland, ziliipiga Irma kwa torpedo zikidhani ni meli ya adui. Walikufa watu 61. Wanamaji waliowaua walikuwa ndugu zao wa pwani ileile. Mwishoni mwa 1944 Wajerumani wakirudi nyuma waliuchoma karibu mkoa wote wa Finnmark, Hammerfest ikiwamo. Walioijenga upya walipelekewa mbao na misumari kwa meli za njia hii.

Baada ya vita historia inakwenda haraka. Zikaja meli mpya, kisha barabara, kisha viwanja vya ndege, na katika miaka ya 1980 ikaonekana wazi kwamba barua haziihitaji tena meli. Njia ikaokolewa na watalii, hasa Wajerumani, pamoja na meli kubwa za miaka ya 1990 zenye vyumba vya kutosha. Jambo la kushangaza likatokea Juni 2011: televisheni ya taifa, NRK, iliweka kamera kwenye meli Nordnorge ikarusha safari nzima kutoka Bergen hadi Kirkenes moja kwa moja, saa 134 mfululizo, bila msimulizi. Mamilioni ya Wanorwe walifungua kutazama. Watu walitoka usiku kwenye magati na bendera na tarumbeta kuipungia mikono meli waliyoizoea kila siku. Sidhani kwamba meli yoyote ya kifahari imewahi kupokewa hivyo.

Meli za starehe nazo ziliongezeka, na madeni yakaongezeka. Usiku wa Juni 1989 meli ya Kisovieti Maxim Gorkiy, ikiwa na watalii wa Kijerumani, iligonga barafu magharibi ya Svalbard. Abiria walingoja mashuani na wengine juu ya mapande ya barafu hadi meli ya walinzi wa pwani wa Norwe, Senja, ilipofika. Karibu watu 950, na hakuna aliyekufa. Hali ya hewa ilikuwa tulivu mno. Tarehe 23 Machi 2019 haikuwa tulivu. Viking Sky, ikiwa na watu 1,373, ilizimikiwa injini katika dhoruba kwenye Hustadvika, palepale ilipozama Irma. Mafuta ya kulainisha injini yalikuwa pungufu, na meli ilipoyumba mitambo ikajizima yenyewe. Ilisukumwa na upepo kuelekea miambani hadi mabaharia walipofaulu kushusha nanga na kuwasha injini tena. Helikopta ziliinua abiria 479 mmoja mmoja, usiku kucha. Wengi walikuwa wazee. Jambo hili lilitokea kusini mwa nchi, karibu na hospitali na miji kadhaa. Longyearbyen ina hospitali ndogo na helikopta chache za uokoaji, na meli zinazopita huko mara nyingine hubeba watu wengi kuliko wakazi wote wa mji.

Norwe imeanza kuzibana meli hizo. Bunge liliamua mwaka 2018 kwamba fiodi zilizo kwenye orodha ya urithi wa dunia, Geiranger na Nærøy, zipitike kwa vyombo visivyotoa moshi. Sheria imeanza kwa meli ndogo mwaka 2026, na zile kubwa zimepewa hadi 2032. Geiranger ni kijiji cha watu mia mbili na kitu, na kuna siku za Julai ambazo maelfu hushuka pale kabla ya chakula cha mchana. Svalbard mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku tangu 2022, na tangu 2025 meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi kuingia maeneo yaliyohifadhiwa, ambayo ni sehemu kubwa ya visiwa.

Njia ya 1893 nayo imegawanywa. Tangu 2021 serikali inanunua huduma kutoka kampuni mbili, Hurtigruten yenye meli saba na Havila yenye nne zinazotumia gesi na betri kubwa, kwa mkataba unaofika 2030. Mkataba unazitaka zipite bandari 34, ziwe na nafasi kwa abiria wa kutoka bandari moja hadi nyingine, na zibebe mizigo kati ya Tromsø na Kirkenes. Watalii wanaolipia chumba cha dirisha kubwa hulalamika kwamba meli hupiga honi na kugonga gati usiku mahali kama Mehamn au Berlevåg, ambapo hakuna cha kuona. Anashuka mwanafunzi mmoja na begi, zinapakuliwa mbao na vipuri vya boti, na baada ya dakika kumi na tano kamba zinafunguliwa. Ni kwa ajili ya dakika hizo kumi na tano serikali inalipa.